2147483647: je, kompyuta hugota hapo kwa sababu ni namba tasa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma kompyuta, mwaka wa kwanza. Niliandika programu ndogo ya kuhesabu. Ilipofika 2147483647, badala ya kuongeza moja ikaruka hadi kwenye namba hasi. Mwenzangu wa bwenini akasema hiyo ni namba tasa, na kompyuta hugota hapo kwa sababu ni tasa. Ni kweli? Na kama kweli ni tasa, nani aliyeigawa kwa namba zote hizo mpaka akahakikisha?"

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwamba kompyuta hugota hapo kwa sababu ya utasa wake, hapo amekosea, na kosa lenyewe ni zuri kulifuatilia kwa sababu linatupeleka moja kwa moja kwenye swali lako la pili. Hilo la pili ndilo nililolipenda zaidi.

Tuanze na kugota. Programu yako ilihifadhi hesabu kwenye nafasi ya biti 32. Biti moja inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, kwa hiyo za kuandikia namba yenyewe zinabaki 31. Kila biti ni 0 au 1. Zote 31 zikishakuwa 1 umefika mwisho, kama mita ya kilomita ya gari inapojaa 9 kila dirisha. Jumla ya 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hadi 2³⁰ ni 2³¹ − 1, yaani 2147483647. Ukiongeza moja, hiyo moja inasukumwa hadi kwenye biti ya alama, na kompyuta inasoma namba hasi. Utasa haujahusika popote.

Ushahidi ni rahisi: angalia nafasi za ukubwa mwingine. Biti 8 zinagota kwenye 127, ambayo ni tasa. Biti 16 zinagota kwenye 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151, kwa hiyo si tasa. Biti 64 zinagota kwenye 9223372036854775807, nayo inagawanyika kwa 7 tangu mwanzo. Zote zinagota vilevile, ziwe tasa zisiwe tasa.

Sasa jiulize kwa nini mbili ni tasa na mbili siyo. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo fulani, kisha ukatoa 1; vipeo vyenyewe ni 7, 15, 31 na 63. Vile ambavyo ni tasa, 7 na 31, vimezaa namba tasa; 15 na 63 havikuzaa. Hili lina sababu unayoweza kuiona kwa macho. Andika 2¹⁵ − 1 kwa mfumo wa kompyuta: ni moja kumi na tano zimepangwa mstari. Zigawe katika mafungu ya tatu tatu: 111 111 111 111 111. Kila fungu ni 111, yaani 7 yetu ya kawaida, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 7. Ni kama vile 999999 inavyogawanyika kwa 999 bila kuhitaji karatasi. Ukipanga tano tano utaona inagawanyika kwa 31 pia. Lakini moja thelathini na moja hazikubali kupangwa katika mafungu sawa, kwa sababu 31 yenyewe ni tasa. Mlango huo umefungwa.

Ila usikimbilie kusema basi tumemaliza. Moja kumi na moja nazo hazikubali mafungu, lakini 2¹¹ − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 × 89. Kipeo kuwa tasa ni sharti la lazima ambalo halitoshi. Wengi waliteleza hapo, wakiwemo wakubwa wa fani. Pietro Cataldi wa Italia, aliyekuwa ameshathibitisha 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 kwa kugawa kwa mkono, mwaka 1603 alidai kuwa vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinazaa namba tasa. Katika hivyo vinne alipata kimoja tu: 31. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, ambaye namba za aina hii zimepewa jina lake, alitoa orodha yake hadi kipeo 257. Ndani yake aliweka 67 na 257, ambavyo havifai, na akaacha 61, 89 na 107, ambavyo vinafaa. Ile 31 aliiweka, na ilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyekuwa ameithibitisha.

Sasa swali lako: nani aliigawa kwa namba zote hizo? Hakuna aliyezigawa zote, na hakukuwa na haja. Kwanza, huhitaji kupita kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kama namba ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe kidogo kuliko kipeuo hicho au kilingane nacho. Hapa kipeuo ni 46340 na ushee. Pili, unagawa kwa namba tasa peke yake. Chini ya 46341 kuna namba tasa 4792. Kazi inawezekana, lakini ni migawanyo 4792 mirefu, kila mmoja una nafasi yake ya kukosea, na kosa moja tu linaharibu yote.

Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler aliikata kazi hiyo hadi sehemu yake ya sitini, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1772 kupitia barua aliyoiandika. Wakati huo alikuwa St. Petersburg, na macho yake yalikuwa karibu yamekwisha kabisa. Mimi nimefundisha njia yake kwa miaka mingi, na kila nikifika hapa naacha chaki kidogo ili wanafunzi walitafakari hilo la macho.

Njia yenyewe hii hapa. Chukua ile 2047 tuliyoivunja, na kigawo chake 23. Anza na 2, uwe unazidisha kwa 2, na kila ukizidi 23 toa 23 ubaki na baki. Utapata 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Hesabu hatua: ni 11. Ukifika 1 unaanza mzunguko upya. Hilo la kufika 1 kwenye hatua ya 11 ndilo hasa linalomaanisha kuwa 23 inagawa 2¹¹ − 1. Na sasa tazama 23 − 1: ni 22, yaani mbili mara 11. Si bahati. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alishagundua kwamba kwa namba tasa yoyote q isiyo 2, mzunguko wa kuzidisha kwa mbili una urefu ambao lazima uigawe q − 1 bila baki.

Ihamishie kwenye 31. Tuseme kuna namba tasa q inayogawa 2³¹ − 1. Basi mzunguko wake unafika 1 kwenye hatua ya 31, kwa hiyo urefu wa mzunguko unaingia ndani ya 31 bila kubakiza. 31 ni tasa. Urefu ni 1 au 31. Urefu wa 1 ungemaanisha 2 inabakiza 1, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo ni 31, na 31 lazima igawe q − 1. Halafu q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Ukiunganisha: 62 inagawa q − 1. Kila kigawo cha namba yetu, kama kipo, ni lazima kizidi kwa 1 kigawe fulani cha 62. Namba tasa 3, 5, 7, 11, 13 na nyingine kemkem zimeondoka bila mtu kugawa hata mara moja.

Kuna chujio la pili. Kama 2³¹ inabakiza 1 ukiigawa kwa q, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ mara 2¹⁶. Maana yake, miongoni mwa baki za q, namba 2 ni kipeo cha pili cha namba fulani. Na inajulikana kuwa hilo hutokea kwa namba tasa witiri ambazo ukizigawa kwa 8 zinabakiza 1 au 7, basi. Machujio mawili kwa pamoja yanasema hivi: ukigawa q kwa 248, baki ni 1 au 63. Namba za namna hiyo chini ya 46341 ni 373. Ukizitupa zile zisizo tasa, zinabaki themanini hivi za kujaribu.

Nataka uone jinsi chujio hili lilivyo kali, kwa hiyo kabla ya 31 tujaribu 29, ile aliyoidai Cataldi. Kwa 29 vigawo vinazidi kwa 1 vigawe vya 58: 59, 117, 175, 233 na kuendelea. Chujio la 8 linaiondoa 59, maana inabakiza 3, na 117, maana inabakiza 5. 175 inapita lakini si tasa. Kwa hiyo namba tasa ya kwanza kabisa ya kujaribu ni 233. Huhitaji kuandika 2²⁹ nzima. Fanya kazi na baki peke yake. 2⁸ ni 256, toa 233 inabaki 23. 2¹⁶ ni 23 × 23 = 529, inabaki 63. 2²⁴ ni 63 × 23 = 1449, inabaki 51. Zidisha kwa 2⁵, yaani 32: 1632. Na 233 × 7 ni 1631. Baki ni 1. Basi 233 inagawa 2²⁹ − 1, na dai la Cataldi limeanguka kwenye jaribio la kwanza. Ukiivunja yote, 2²⁹ − 1 ni 233 × 1103 × 2089.

Rudi kwenye 31. Orodha ya wanaoruhusiwa inaanza na 63 (si tasa), 249 (ni 3 × 83), kisha 311, ambayo ni tasa. Tuijaribu kwa mtindo uleule. 2⁸ ni 256. 2¹⁶ ni 65536, ukiigawa kwa 311 inabaki 226. 2¹⁵ ni nusu ya 2¹⁶, kwa hiyo baki yake ni 113. Zidisha 226 × 113 upate 25538, toa 311 × 82 ambayo ni 25502, inabaki 36. Kwa hiyo 2³¹ − 1 inabakiza 35. Haigawanyiki. Unaiacha 311 na kwenda kwenye inayofuata. Euler alipita zote namna hiyo, na hakuna hata moja iliyokubali. Hapo ndipo 2147483647 ilipoacha kuwa dai ikawa namba tasa iliyothibitishwa, na kwa miongo mingi hakukuwa na namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyojulikana duniani.

Mwingereza Peter Barlow, mwaka 1811, aliandika kuhusu namba iliyozaliwa na hii: 2³⁰ × (2³¹ − 1), yaani 2305843008139952128. Hiyo ni namba kamilifu, maana ukijumlisha vigawo vyake vyote bila yenyewe unairudisha yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3 na 28 ilivyo 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid, Mgiriki wa kale, alishaonyesha zamani kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba kamilifu kwa njia hiyo, na Euler akaonyesha kuwa namba kamilifu shufwa hazizaliwi kwa njia nyingine yoyote. Barlow alisema hiyo ndiyo namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizo ni za kushangaza tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, kwa mkono.

Lucas hakufanya hivyo kwa kugawa. Angefikaje? Alikuwa na jaribio jipya, ambalo baadaye D. H. Lehmer alilisafisha likawa fupi hivi: anza na 4, kila hatua, zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki ya kugawa kwa namba unayoijaribu. Kwa kipeo witiri p kilicho tasa, fanya hatua p − 2. Ukiishia kwenye 0, ni tasa. Usipoishia kwenye 0, si tasa. Ijaribu kwa 127, ambayo kipeo chake ni 7, hatua tano: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Ni tasa. Ijaribu kwa 2047, hatua tisa: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa, na hukuhitaji hata kuijua 23. Kwa 2147483647 ni hatua 29, simu yako inazimaliza kabla hujapepesa jicho. Jaribio hilihili ndilo lililobeba utafutaji kwa kompyuta katika karne ya 20, na mradi wa watu wa kujitolea unaoitwa GIMPS, ulioanza mwaka 1996, umefika mbali sana: Oktoba 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41024320.

Hukuuliza kama utasa wa namba yako una kazi yoyote kwenye kompyuta, lakini kwa kuwa unasoma fani hiyo nitakujibu, maana hapa mwenzako angeweza kujitetea. Namba za nasibu, zile programu inazotoa kana kwamba imerusha dadu, kwa muda mrefu zimetengenezwa kwa njia aliyoibuni Lehmer huyohuyo: chukua namba, zidisha kwa 16807, chukua baki ya kugawa kwa 2147483647, rudia. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, na mtu wa nje haoni mpangilio. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, na kwa kuwa 16807 (ambayo ni 7⁵) imechaguliwa vizuri, mzunguko huu unapita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Kigawanyi kisicho tasa hakiwezi kukupa hilo, kwa sababu baki inayoshirikiana nacho kigawo haiwezi kamwe kurudi kwenye 1. Utasa hapo unafanya kazi kweli.

Na umbo lake la moja tupu nalo linafanya kazi. Kupata baki ya kugawa kwa 2³¹ − 1 huhitaji kugawa: unakata namba ndefu katika vipande vya biti 31 na kuvijumlisha. Ni kama kutafuta baki ya kugawa 16807 kwa 99: ikate mbili mbili kutoka kulia, 1 na 68 na 07, jumlisha, 76. Ndiyo baki. Kwa mashine za zamani, ambazo kugawa kulizichukua muda, hii ilikuwa neema.

Kuhusu programu yako, dawa ni kutumia nafasi ya biti 64. YouTube nao walifanya hivyohivyo mwaka 2014, video ya "Gangnam Style" ilipokaribia kupita 2147483647. Na kama unaandika chochote kinachohifadhi saa kwa sekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970, iangalie nafasi yake leo. Sekunde ya 2147483647 itaangukia tarehe 19 Januari 2038; kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, na sekunde inayofuata, mashine iliyobaki na biti 32 itadhani iko mwaka 1901.

Kisha chukua daftari, wewe na mwenzako, muendelee na orodha ya Euler kutoka pale nilipoiacha. Baada ya 311 mtapita 497, 559, 745, 807, 993, 1055 na 1241. Hakuna iliyo tasa kati ya hizo, lakini zivunjeni wenyewe mhakikishe. Inayofuata ni 1303. Mkipata baki 226, mko njia sahihi, nendeni 1489.